Wenda kwa Nani?

Nilipomwambia mama kwamba shule zikifungwa mwezi wa Desemba nitakwenda Lamu, hakuniuliza nitaondoka lini wala nitakaa siku ngapi. Alikuwa akichagua mchele, mkono ukiwa ndani ya sinia, akaniuliza kama ambavyo angeuliza mtu yeyote wa Mji wa Kale: "Wenda kwa nani?" Nikamjibu kwamba siendi kwa mtu. Mkono ukasimama juu ya mchele. Akanitazama kwa kitambo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kuna nini? Nani amekufa?"

Nimezaliwa Kibokoni, nimesomea Mombasa na ninafundisha Mombasa, na katika miaka yangu 46 nimelisikia swali hilo mara nyingi kiasi kwamba sikuwahi kulisikiliza. Kwetu mwanamke haendi mahali, huenda kwa mtu. Huenda kwa shangazi Malindi, kwa wifi Unguja, kwa mgonjwa Tanga, kwa wafiwa Vanga, na mji wenyewe ni jina tu la pale anapokaa huyo aendewaye. Mwanamume akisema anakwenda Dar es Salaam huulizwa ana shughuli gani huko. Mimi nikisema hivyo huulizwa ni kwa nani, na nikikosa jina la kutaja, kimya kinachofuata huwa kizito. Silichukii swali hili. Ndani yake mna ulinzi wa kweli, kwa sababu mwendaji mwenye mtu ana mlango wa kubisha hodi hata kukiwa usiku wa manane, na ana wa kumpikia uji akishikwa na homa. Lakini limetufanya tuamini jambo ambalo si kweli, kwamba wanawake wa pwani hawakuwa wasafiri.

Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Wasafiri niliowajua katika hadithi za nyumbani walikuwa manahodha na mabaharia, wanaume waliongojea kaskazi iwalete na kusi iwarudishe, ambao majina ya bandari waliyataja kama mtu anavyotaja majina ya watoto wake. Bibi yangu mzaa mama hakuitwa msafiri hata siku moja. Hata hivyo, nilipokaa na mama jioni moja tukahesabu njia alizopita bibi, tulijaza ukurasa mzima wa daftari. Alivuka Mtwapa kwenye kivuko kilichovutwa kwa minyororo huku wavutaji wakiimba. Alivuka Kilifi kwa feri miaka mingi kabla ya daraja lililofunguliwa mwaka 1991. Alikwenda Unguja mara nne, Bagamoyo mara moja, Makka mara moja. Ila kila mojawapo ya safari hizo ilipewa jina lingine: kusalimia, kuuguza, kuzika, kuoza, kuhiji. Neno safari walikuwa wameachiwa wanaume, na bibi alirudi kila mara na mizigo ya zawadi na habari za watu, wala hakuna aliyemwuliza aliona nini njiani.

Hata wanawake wetu waliopata umaarufu tumewafanyia vivyo hivyo. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akiuza vyungu mjini Unguja, alipanda meli mwaka 1928 akaenda mpaka Bombay, ambako sauti yake ilitiwa kwenye santuri. Sauti hiyo tunaikumbuka, na ni haki yake ikumbukwe, lakini sijapata kumsikia mtu akizungumza juu ya zile siku alizokuwa baharini. Na Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1844, hutajwa mabarazani kwa jambo moja tu, kwamba alitoroka na Mjerumani. Aliondoka Unguja mwaka 1866 ndani ya manowari ya Waingereza iliyompeleka Aden, akafunga ndoa huko mwaka uliofuata, akaenda kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Yeye, kwa kweli, alikwenda kwa mtu. Mtu huyo alikufa katika ajali ya tramu mwaka 1870, na Salme akabaki katika nchi ya watu na watoto watatu wadogo. Aliishi zaidi ya miaka hamsini baada ya hapo, akaandika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, akafariki Ujerumani mwaka 1924. Ninaposoma habari zake sivutwi sana na mapenzi yale yaliyowashughulisha watu wa wakati wake. Ninavutwa na majira ya baridi ya kwanza baada ya kufiwa, mwanamke wa Unguja akijifunza njia za mji ambao hana tena ndani yake mtu wa kumwendea.

Najua wapo dada zangu watakaouliza habari ya mahramu, yule jamaa wa kiume wa kuandamana na mwanamke safarini, na ni haki yao kuuliza. Sikulipuuza suala hilo. Nilikwenda kwa mjomba wangu, ambaye amesoma, nikakaa naye baada ya alasiri, akanieleza kwamba wanazuoni hawakulizungumza kwa kauli moja, na kwamba wako waliozingatia usalama wa njia na kuwapo kwa wenzi wa kuaminika. Hakunipa fatwa wala hakunizuia. Aliniuliza basi lasafiri mchana au usiku, na abiria huwa ni watu gani, kisha akaniombea dua. Kila mmoja atalipima jambo hili kwa dhamiri yake na kwa watu wake. Mimi nililipima, nikakata tiketi.

Basi liliondoka saa moja asubuhi. Nilikuwa nimebeba begi moja dogo na pea mbili za leso, yaani kanga, na ningependa kueleza kazi za leso hizo, kwa kuwa sijui kifaa kingine cha safari kinachozikaribia. Nilichagua dirisha la upande wa kulia nikitaraji kuiona bahari, badala yake nikapata jua la asubuhi usoni, hivyo leso ya kwanza ikawa pazia mpaka Malindi. Baada ya Malindi ikawa mto wa kulalia. Ya pili niliifunga tumboni chini ya buibui na pesa zangu nusu zikiwa kwenye pindo, nusu nyingine zikiwa kwenye mkoba, nami sitaacha kumshauri mwanamke yeyote afanye hivyo. Lamu leso hizohizo zikawa taulo, shuka na nguo ya kuswalia. Katikati ya njia, moja ikawa jamvi la wanawake watano, na hilo ndilo nitakalolieleza kwanza.

Tulikuwa tumekwisha kuvuka daraja la Mto Tana na kuipita Minjila, lami ikiwa imenyooka mbele yetu na vichaka vikiwa pande zote mbili, basi likatoa mlio kama wa sahani inayoburutwa, likasimama. Dereva na utingo wake wakafungua injini. Ilikuwa saa nane. Mwenye kuijua njia ile anaelewa kwa nini abiria hawakupiga kelele. Kati ya Gamba na Witu magari yamewahi kushambuliwa, na kwa miaka kadhaa mabasi yalikuwa yakienda kwa msafara wenye askari. Hata sasa abiria huteremshwa kwenye vizuizi, wakapanga foleni na vitambulisho mkononi. Niliogopa, tena niliogopa kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea, kwa sababu nyumbani hofu yangu huwa ina mtu wa kuipokea. Hapa nilikuwa nayo mwenyewe.

Wanawake tulishuka tukatafuta kivuli cha mti. Nikatandika leso. Mmoja wetu, mwuza mitumba wa Mpeketoni ambaye alikuwa akiipita njia hiyo kila mwezi, alituomba nambari zetu za simu bila maelezo mengi, akazituma zote kwa dada yake pamoja na nambari ya basi, kisha akafungua mfuko wake akatoa viazi karai. Mimi nilikuwa na mahamri. Mwanamke wa Kiorma akatokea vichakani na dumu la maziwa ya mgando, akatumiminia kwenye kikombe kimoja tulichozungushiana, na maziwa yale yalikuwa na harufu ya moshi wa ule mti wanaofukizia vyombo vyao, harufu iliyobaki puani mwangu mpaka usiku. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Hakutuuliza tunakwenda kwa nani. Alituuliza kama huko tulikotoka mvua imenyesha, na tulipomwambia imenyesha alitikisa kichwa kwa furaha, kama kwamba mvua ya Mombasa nayo ingewanywesha ng'ombe wake.

Saa tisa na nusu basi likawaka. Tulifika Mokowe jua likielekea kuzama, nikashuka gatini, nikavaa jaketi la kujiokolea lililokuwa bado na maji ya abiria aliyetangulia, na boti ikatuvusha. Wale wanawake wanne niliagana nao gatini. Dada wa yule mwuza mitumba alinipigia usiku kuuliza kama nimefika.

Nyumba ya wageni niliyofikia sitaitaja. Kijana wa mapokezi aliniuliza mara tatu bwana atafika lini, na nilipomjibu mara ya tatu kwamba hakuna bwana atakayefika, alinipa chumba cha chini ya ngazi ambacho kitasa chake hakikufunga. Sikugombana. Nilimwambia kwamba sitalala humo, nikakaa kwenye kiti cha ukumbini na begi langu mapajani hadi alipokwenda kumwita mwenye nyumba, mama wa makamo, ambaye alinitazama mara moja tu, akachukua ufunguo wa chumba cha juu chenye komeo la mbao upande wa ndani. Tangu siku hiyo nabeba kabari ndogo ya mbao ya kutia chini ya mlango. Uzito wake hauzidi wa tasbihi, na usingizi unaopatikana nayo ni mwingine kabisa.

Kuhusu mji wa Lamu wameandika wengi, na sitawachosha kwa habari za milango ya nakshi na punda. Nitaeleza alasiri moja.

Siku ya tatu nilikwenda Shela kwa miguu kwa njia ya ufukweni, mwendo wa chini ya saa moja. Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa na mchanga ulikuwa mpana na mgumu. Nilikaa Shela, nikatembea peke yangu pembeni mwa vilima vya mchanga bila ya mtu kunisemesha, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi sikuwa na wa kumjibu wala wa kumngoja. Nilipogeuka kurudi ilikuwa saa kumi. Mimi niliyezaliwa kisiwani sikuwa nimeuliza habari za maji, na hilo naliona kuwa kosa langu kubwa katika safari nzima. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama, maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, na njia niliyoipita asubuhi haikuwapo tena. Mawimbi yalikuwa yakipiga ukuta wa jiwe. Nilijaribu hatua chache, maji yakanifika magotini, buibui likawa zito kama gunia lililoloa, nikarudi nyuma hadi kwenye ngazi za nyumba moja iliyofungwa.

Hapo palikuwa pameketi bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, pia wakingojea maji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea nafasi. Kisha akauliza: "U mgeni wa nani, mwanangu?"

Nilihisi kama mama yuko pale. Nikamwambia kwamba si mgeni wa mtu, nimetoka Mombasa, nimekuja kutazama.

"Kutazama nini?"

Swali hilo la pili sikuwa nimeulizwa na mtu yeyote, na sikuwa na jibu lake. Nikasema nimekuja kuona tu. Hakucheka wala hakushangaa. Alinyamaza, akayatazama maji, kisha akaanza kunisimulia kwamba yeye alikwenda Mombasa akiwa kigoli, harusini kwa binti wa ami yake, katika jahazi lililopakia boriti za mikoko. Wanawake waliwekwa tezini, na tanga kuukuu likatundikwa mbele yao kama pazia ili mabaharia wasiwaone. Mchana kutwa hakuona kitu isipokuwa turubai lile na miguu ya mama zake. Usiku, wenzake walipolala, alijivuta hadi kwenye pindo, akalifunua kiasi cha kutoa jicho moja. Maji yalikuwa yakiwaka. Kila chombo kilipoyakata yaling'aa kama vimulimuli, na nyuma ya usukani palikuwa na njia ndefu ya mwanga iliyofifia pole pole mpaka ikamezwa na giza. Alinionyesha kwa kiganja, akikikata hewani mbele yake kwa ubavu, taratibu, jinsi omo lilivyokuwa likiingia na maji yakifunguka huku na huku.

"Harusi siikumbuki," akasema. "Hata nguo ya bibi harusi siikumbuki. Maji yale, nikifumba macho nayaona."

Nikamwuliza alimsimulia nani aliporudi. Akasema waliporudi waliulizwa harusi ilikuwaje.

Tulikaa hapo mpaka karibu na magharibi. Maji yalipopungua, mjukuu wake, msichana wa miaka minane hivi, alitutangulia, akitufundisha kwa vidole pa kukanyaga, kwa kuwa mawe yote ya njia ile alikuwa ameyahifadhi, hata yaliyokuwa bado chini ya maji. Nilimfuata nikiwa nimekunja buibui, kiatu mkononi.

Niliporudi Mombasa nilikaa na mama sebuleni na nikamweleza yote. Habari ya basi kuharibika nilifikiri kuificha, lakini sikuificha. Ya kitasa ilimkasirisha. Ya maji yanayowaka aliisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si desturi yake, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole safari zake mwenyewe: Tanga mara tano, Unguja mara mbili, Lamu kwenye Maulidi, Makka pamoja na kaka yake. Kila kidole kilikuwa na jina la mtu. Alipofika kidole cha Tanga alisimama. Mpaka ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977 hadi 1983, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na katika miaka hiyo mama yake mdogo alifariki upande wa pili. Mtu wa kumwendea alikuwapo. Njia ndiyo iliyokosekana.

Kisha akanambia jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Mwaka 1974, akiwa na miaka 21, alipelekwa Pangani, kusini mwa Tanga, kumwuguza shangazi yake. Waliingia usiku. Alikaa siku kumi na moja katika chumba cha ndani, akipika uji na kubadilisha vitambaa vya maji kwenye paji la uso la mgonjwa, na muda wote huo alikuwa akiusikia mto na sauti za watu kivukoni. Waliondoka alfajiri, kukiwa bado giza. "Nimekaa Pangani siku kumi na moja," akasema, "na mto sijauona."

Nikamwambia twende. Akajibu kwamba shangazi amekufa zamani na watoto wake wamehamia Dar es Salaam, na akaniuliza, kwa dhati kabisa, tutafikia kwa nani. Sikumjibu, kwa sababu nililiona swali likimrudia mwenyewe, akiligeuza kama alivyokuwa akizigeuza punje za mchele. Tukaswali isha, tukalala.

Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, sanduku la bati la karatasi zake likiwa wazi, miwani machoni, akiisoma pasipoti yake aliyoendea Makka. Ilikuwa imekwisha muda wake. Tulipeleka maombi ya mpya wiki hiyohiyo, na picha alipiga na mtandio wake wa Idi. Ilipotoka aliniuliza maswali ya mtu anayekwenda: mpakani Lunga Lunga wanafungua saa ngapi, Tanga mpaka Pangani ni gari la aina gani, maji yatakuwa bamvua au mafu. Nimeangalia mwandamo wa mwezi safari hii. Yatakuwa mafu, hayatajaa sana.

Tunaondoka Ijumaa ijayo, alfajiri. Nilimkatia tiketi ya kiti kilicho ubavuni mwangu, akaniambia niibadilishe, kwa kuwa mmoja wetu angekosa dirisha. Nimechukua viti viwili vya dirishani, kimoja nyuma ya kingine. Cha mbele ni chake.